Bibi Mwalimu, darasa langu limegeuka uwanja wa rede

Shikamoo Bibi Mwalimu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili katika shule moja ya kijijini mkoani Simiyu. Kwetu ni Tanga, Kiswahili nimezaliwa nacho, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nina watoto 94 kwenye mkondo mmoja na madawati 31, wanakaa watatu watatu, na dawati moja wanabanana wanne. Nyumbani wengi wanaongea Kisukuma kitupu. Kiswahili wanakutana nacho wakifika shuleni, na kengele ya kuondoka ikilia wanakiacha hapo hapo.

Mwaka jana kwenye kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tulijadili kufundisha Kiswahili kwa michezo. Nilifurahi, maana nilishachoka kusikia darasa zima likiimba "ba, be, bi, bo, bu" huku macho yako dirishani. Nikashona mpira wa matambara. Namrushia mtoto mpira na kumtajia silabi, yeye ataje neno linaloanza na silabi hiyo, kisha amrushie mwenzake. Akishindwa anatoka, anakwenda kukaa ukutani. Anayebaki mwisho tunampigia makofi. Wanaupenda mno. Nikiingia tu darasani wanaanza, "Mpira! Mpira!"

Sasa mwalimu wa darasa la tatu, ambaye tumetenganishwa na ukuta usiofika juu, amenishtaki. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akaniambia, "Mwalimu, darasa si uwanja wa rede. Hawa watapimwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mpira haumo kwenye mtihani." Wiki hiyo hiyo mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe akiulizwa leo mmesoma nini, jibu ni moja tu: tumecheza.

Hayo ningeyavumilia. Kinachoniuma ni kwamba mwezi uliopita nilipowapima kusoma, walioweza kusoma aya fupi bila kukwama walikuwa 22. Wengine wanasoma silabi moja moja, wengine hawasomi kabisa. Kwenye mchezo washindi ni wale wale sita kila siku. Kuna binti mmoja ambaye mpira ukimfikia anaukumbatia tu, anainamisha kichwa na machozi yanamtoka. Siku hizi akisikia kuna mpira anaomba ruhusa ya kwenda chooni na harudi mpaka kipindi kiishe. Halafu kuna hili la R na L. Kwenye imla nikisema "karamu" wanaandika kalamu, nikisema "mahari" wanaandika mahali. Nimesahihisha mpaka sauti imekauka.

Bibi, nirudi kwenye ubao na fimbo ya kuonyeshea, au kuna kitu nisichokiona?

Mwalimu wa KKK, Simiyu

* * *

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na jambo ambalo hutalipenda. Mwalimu mkuu wako ana haki nusu. Nusu nyingine, ile ya kelele, nitakutetea mbele yake, lakini hii ya kwanza tuimalize mimi na wewe.

Chukua saa. Kurusha mpira, kuudaka, kufikiri na kujibu, tuseme ni sekunde 15, na hapo mpira haujaangukia chini ya dawati. Kwa dakika moja wanapata zamu wanne. Kipindi chako ni dakika 30, ukitoa dakika 20 kwa mchezo unapata zamu 80. Watoto ni 94. Maana yake hata zamu zingegawanywa kwa haki, wapo ambao wasingefungua mdomo kabisa, na aliyebahatika angesema neno moja. Hazikugawanywa kwa haki, wale sita wamezila. Kwa hiyo unachokiita mchezo wa darasa ni mchezo wa watoto sita wenye mashabiki 88.

La pili ni zito zaidi. Umepima kusoma, lakini umechezesha kusema. Katika mchezo wako wote hakuna mtoto aliyeiona herufi hata moja. Unatamka "ba", anajibu "baba". Sikio limefanya kazi, ulimi umefanya kazi, jicho limelala. Halafu unashangaa jicho halisomi? Mchezo wenyewe si mbaya, umeutuma kazi isiyo yake.

La tatu ni hilo la kutoka. Anayetoka kwanza ni nani? Ni asiyejua. Anakwenda kukaa ukutani, hafanyi tena mazoezi, na anayejua anabaki kufanya mazoezi asiyoyahitaji. Ni sawa na mama anayemnyima chakula mtoto aliyekonda kwa sababu anakula polepole. Binti yako wa chooni kaligundua hilo kabla yetu. Kuanzia kesho, darasani kwako hatoki mtu. Anayekosea anarudia na mwenzake, basi.

Usidhani nakucheka. Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, katika wale mliozoea kutusimanga. Nilianza mwaka 1979, msichana mbichi niliyemaliza darasa la saba na mafunzo ya kijijini, nikapewa watoto chini ya mwembe huko Kigoma. Wanaongea Kiha, mimi najua salamu yao ya "mwidiwe" tu. Nilikuwa na kitabu kimoja. Michezo yangu ilikuwa kama wako, mmoja anacheza na wengine wanapiga makofi. Kilichonizindua ni wasichana wa mapumziko. Walikuwa wamekaa vikundi vinne, kila kimoja na vijiwe vyake, wanadaka mdako. Hakuna aliyekuwa anasubiri zamu ndefu, hakuna aliyekuwa anamwangalia mwalimu, na aliyekosea alijua mwenyewe kwa kijiwe kilichoanguka. Nikajiambia, darasa langu lote liwe hivyo. Vikundi vidogo, vyote vinacheza kwa wakati mmoja, na kosa lijionyeshe lenyewe bila mimi kupayuka.

Wewe Mungu amekupa vikundi tayari. Madawati 31 ni timu 31. Usihangaike kupanga duara kwenye chumba kisicho na pa kukanyaga.

Anza na R na L, kwa sababu hapo utaona matunda ndani ya wiki. Kisukuma kina L, R hawakuizoea, kwa hiyo sikio lao linazisikia kama sauti moja. Kusahihisha kwa mdomo hakusaidii, maana unamsahihisha mtu kitu asichokisikia. Chukua yale maneno yako mwenyewe, kalamu na karamu. Kalamu, mtoto anaandika hewani. Karamu, anapeleka mkono mdomoni kama anakula pilau. Ziba mdomo kwa daftari wasisome midomo yako, kisha tamka moja, wao watende. Siku ya kwanza watachanganya sana, acha wacheke. Ongeza kula na kura: kula ni mkono mdomoni, kura ni kutumbukiza karatasi kwenye sanduku.

Wakishasikia, geuza. Sasa katika kila dawati mmoja anatamka, wa pili anatenda, wa tatu ni mwamuzi, naye ndiye ameshika karatasi yenye neno. Mtoto amekusudia karamu, lakini mwenzake anaandika hewani. Hapo hapo anajua ulimi umemsaliti. Hakuna aliyemwambia umekosea, mkono wa rafiki ndio umesema. Atarudia mara tatu, nne, kwa hiari yake, ili tu mwenzake ale. Mwaka mzima wa kusahihisha wewe hutapata mazoezi kama hayo.

(Na usiwafanye waone lafudhi yao ni dhambi. Lengo ni waandike sawa kwenye imla na waeleweke. Wakitaka kubaki na mziki wa kwao, ni wao.)

Kwa kusoma, ninao mchezo mmoja ninaoupenda kuliko yote, nao utakupatanisha na yule mwalimu wa darasa la tatu. Unaujua mchezo wa nyama nyama? Kiongozi anataja, "Nyama ya mbuzi!" wanaruka na kuitikia "Nyama!" Akitaja nyama ya nyoka, anayeruka kaumbuka. Sasa uchezeshe bila sauti. Kata maboksi, andika kwa maka peni herufi kubwa zinazosomeka kutoka dawati la mwisho: mbuzi, kuku, nyoka, kondoo, fisi, ng'ombe, paka, bata. Hutamki kitu. Unainua kadi, unahesabu moja mbili tatu kwa vidole, unaificha, kisha unapiga kofi moja. Kwa kofi hilo ndipo wanaruka au wanatulia. Ujanja wote uko kwenye kuificha kadi kabla ya kofi, kwa sababu watoto ni wezi wa macho. Ukiwaacha waruke wanapotaka, wasiojua watamwangalia anayejua na kuruka naye. Kwa kofi, anayeiba anachelewa nusu sekunde, nawe unamwona.

Hapo watoto 94 wamesoma neno moja kwa sekunde tano. Rudi kwenye hesabu ya mpira wako ulinganishe. Jirani yako atasikia miguu tu, na hata miguu unaweza kuiondoa, badala ya kuruka wainue mikono.

Wakizoea, kadi ziwe amri: Simama. Shika sikio. Funga daftari. Mguse mwenzako begani. Baadaye ndefu kidogo: Shika kichwa kwa mkono wa kushoto. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliyeipa njia ya namna hii jina na kuieneza tangu miaka ya 1960. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anayejifunza lugha aachwe kwanza aitikie kwa mwili, ulimi utafuata ukiwa tayari. Nilipoisoma nilimkumbuka mama yangu, ambaye alimfundisha mtoto mchanga lugha kwa "leta kata," "keti," "acha hiyo," bila kumdai jibu hata siku moja.

Binti yako ndiyo dawa yake hiyo. Mpira unamdai neno mbele ya watu 93, kwa lugha ngeni. Kadi inamdai mkono tu, tena pamoja na wote. Mwache mwezi mzima ajibu kwa mwili, usimsukume. Nakuomba na kitu kingine: umejifunza Kisukuma kiasi gani? Ukiingia asubuhi sema "Mwangaluka" uone nyuso zitakavyofunguka. Kisha watafutie mahali ambapo wao ndio mabingwa. Wapo watoto wanaohangaika na ng', wanasoma ng'ombe kama ngombe. Wa kwako je? Majina ya kwao yamejaa Ng'wana, sauti hiyo wamenyonya nayo. Siku ya somo la ng', waambie wazi kwamba hii mnaijua kuliko mimi, nifundisheni. Weka kadi ya ng'ombe na ya ngoma, waonyeshe tofauti. Namwona binti yako siku hiyo.

Wale ambao bado wanakwama kwenye silabi wanahitaji vumbi. Watoe nje, chini ya mti, chora kwa kijiti ule mchezo wa vyumba wanaoruka kwa mguu mmoja, lakini kila chumba kiwe na silabi: ka, ba, ma, ta, la, sa. Unamnong'oneza mrukaji neno, bata, saba, taka, kamata, naye anaruka silabi kwa silabi bila kusema. Wenzake waliozunguka wana vijiti, wanaandika chini kile alichokanyaga, na mwisho wanasoma kwa pamoja. Anayesubiri na anayeruka wote wanasoma. Chora sehemu nane, kila moja watoto 11 au 12, na wale 22 wanaosoma vizuri uwagawe wawe wanong'onaji. Hapo umepata wasaidizi bila kuongezewa ikama. Angalia maneno tu. Silabi hizo zinatoa pia kasa, yule kobe wa baharini, nawe wa Tanga utashawishika. Usimtie, hawajamwona kasa Simiyu, watasoma sauti isiyo na kitu nyuma yake.

Kiswahili kimetupa bahati hapa. Silabi zake karibu zote zinaishia na irabu, na kinasomwa kama kilivyoandikwa. Mtoto akishika silabi 40 au 50 anasoma maneno mamia. Kwa hiyo usikimbilie mbwa, nywele na chungwa mpaka kata na bata zimekaa.

Ijumaa wape vitendawili, ila kwa mtindo wa dawati. Mmoja anatega, wawili wanategua. Wakishindwa, mtegaji anadai mji, na hapo ndipo pana utamu ambao walimu wengi wanaupita. Akipewa Mwanza, asijibu tu kitendawili. Lazima aseme alivyokwenda huko: alipanda nini, alikula nini, alimkuta nani. "Nilikwenda Mwanza, nikala sangara, nikalala kwa shangazi." Sentensi tatu zinatosha. Mtoto wa darasa la pili anayepanga ni-li na ni-ka bila kuambiwa hivyo ni viambishi vya kitenzi, ameshapita somo. Vitendawili vya Kisukuma ruksa, mradi timu ivitafsiri.

Sasa kelele na ofisi. Kabla ya mchezo wowote, tumia siku mbili kufundisha ishara ya kusimama tu. Unainua mkono, anayeona anainua wa kwake na kufunga mdomo. Fanya mara ishirini, wafanye kwa mbio, washindanie. Mwalimu asiyeweza kuuzima mchezo asiuwashe.

Mchezo usizidi dakika 10. Dakika 20 zinazobaki, maneno yale yale yaliyochezwa yanasomwa ubaoni na kuandikwa kwenye daftari. Yule mzazi mwanawe akimwambia tumecheza, afungue daftari akute mbuzi, kondoo, ng'ombe, tarehe na vema yako. Na kwenye andalio la somo usiandike "mchezo" peke yake, kwa sababu mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akilisoma atakuwa mgumu kuelewa kuliko mwalimu mkuu wako. Andika mtoto atakuwa anaweza kufanya nini baadaye: kusoma maneno manane ya wanyama bila kutamkiwa.

Kisha weka daftari dogo mezani. Kila siku, watoto wengine wakiandika, wawili watatu waje wasome kadi kwako, wafike watano kabla ya kengele ya kuondoka. Tia vema au alama ya kurudia. Watano kwa siku, ndani ya siku 19 za shule umewapima wote 94, bila kusimamisha somo. Ukimpelekea mwalimu mkuu daftari hilo, usimwambie michezo ni mizuri. Mwonyeshe majina. Hata mwalimu mkuu mkali namna gani, akiona 22 imekuwa 35 atauliza mwenyewe umefanyaje, na hapo ndipo umkaribishe darasani. Mpe kadi ainue yeye. Nimeona wakuu wa shule wenye mvi wakiomba zamu ya pili.

Kwa jirani yako, nenda na chai. Muulize saa ngapi ana somo la kuandika kimya, uipe saa hiyo kadi, na nje uende saa ambayo yeye anahesabisha kwa sauti. Inawezekana pia hakasirishwi na kelele, anakasirishwa na watoto wake kumuuliza kwa nini wao hawachezi.

Mpira wako usiutupe. Ukimaliza kadi, wape mpira wakati wa mapumziko, wakacheze rede ya kweli.

Niandikie kabla ya likizo ya Juni. Sitaki kujua wangapi wameshinda. Nataka kujua ulipoinua kadi ya nyoka, yule binti aliruka au alitulia.

Bibi Mwalimu